Toleo la Zamani au Toleo Jipya? Uwakili wa Hesabu za Nyumbani na za Jumuiya

Na Frateri wa Jimbo Katoliki la Mpanda, Falsafa, mwaka wa tatu



Ndugu msomaji, frateri anapokuwa likizo huulizwa mambo mengi. Huulizwa juu ya Maandiko, juu ya ndoa, juu ya taratibu za mazishi. Siku hizi huulizwa pia juu ya kompyuta, kwa sababu waamini wengi hudhani kwamba aliyeko seminari anajua kila kitu. Swali moja nimelisikia mara kadhaa Mpanda mjini na vigangoni, kwa mwalimu, kwa mhazini wa jumuiya, kwa katibu wa VICOBA: “Frateri, programu yetu ya hesabu ni ya zamani. Bado inatufaa, lakini vijana wanatucheka, na kompyuta yenyewe kila siku inatuambia tubadilishe. Tufanyeje?”

Kwa haraka mtu angesema hilo ni swali la fundi kompyuta. Lakini nyuma yake kuna fedha za watu, na kuna imani yao kwa yule waliyemkabidhi. Kwa hiyo ni swali la uwakili, na mtu wa falsafa na mtu wa Kanisa wana la kusema. Katika somo hili tutaangalia kwanza kwa nini watu hubaki na toleo la zamani, kisha tutamsikiliza Mtakatifu Thoma wa Akwino juu ya mabadiliko, halafu tutaona hatari zilizopo, na mwisho tutaweka masharti ya anayebaki na ya anayehama.

1. Tunazungumzia kitu gani?

Programu ya hesabu ni programu yoyote ya kompyuta au ya simu ambayo mtu anaitumia kuandika mapato, matumizi, madeni na akiba. Kwa wengi wetu ni jedwali la Excel tu. Wengine wana programu zilizotengenezwa maalumu kwa kazi hiyo, kama GnuCash, ambayo inapatikana bure tangu miaka ya 1990, au Quicken, ambayo inajulikana sana Marekani. Toleo ni hatua ya programu hiyo: Excel ya 2007, ya 2010, ya 2016 na kadhalika. Kila mara mtengenezaji anapotoa toleo jipya, baada ya miaka kadhaa huacha kulihudumia la zamani. Kuacha kulihudumia hakumaanishi kwamba linazimika. Linaendelea kufanya kazi, ila likipata ufa hakuna anayeuziba.

Kiini cha kutunza hesabu ni cha zamani kuliko kompyuta yoyote. Mwaka 1494, mtawa Mfransisko aitwaye Luca Pacioli alichapisha huko Venice kitabu cha hisabati ambamo alieleza namna wafanyabiashara wa mji ule walivyoandika kila muamala pande mbili, ulikotoka na ulikokwenda, ili pande hizo zilingane. Programu za leo zinazoandika pande mbili, GnuCash ikiwemo, zinafuata kanuni ile ile. Tukitumia maneno ya darasa la metafizikia, kiini hakijabadilika. Kilichobadilika ni sifa za nje, yaani rangi, vitufe na namna ya kulipia. Mhazini anayeandika kwa Excel ya 2007 na anayeandika kwa programu ya mwaka huu wanafanya kazi moja. Hili tulishike, maana litatusaidia kutoogopa kicheko cha vijana.

2. Kwa nini watu hubaki na toleo la zamani

Wengine hubaki kwa uvivu, hilo hatulifichi. Lakini nikisikiliza sababu zinazotolewa na watu wa Katavi, naona nyingi zina uzito.

Ya kwanza ni namna ya kulipa. Zamani programu ilinunuliwa mara moja ikawa yako. Siku hizi kampuni nyingi hukodisha: unalipa kila mwezi au kila mwaka, na ukiacha kulipa unapoteza huduma zote au sehemu yake. Quicken ilihamia mfumo huo kuanzia toleo lake la 2018. Kwa mwenye mshahara wa kila mwezi hilo linavumilika. Lakini mkulima wa mpunga wa Mpimbwe, au wa tumbaku wa Mishamo, hapati fedha kila mwezi. Fedha yake huja msimu wa mauzo, kisha hukaa miezi mingi akingojea msimu mwingine. Tuchukue mfano: programu ya shilingi 20,000 kwa mwezi ni 240,000 kwa mwaka, na kwa miaka 5 ni 1,200,000. Hizo ni fedha za mbegu na mbolea. Kuzitoa ili kuandika hesabu ambazo daftari la shilingi elfu chache lingeweza kuzibeba kunahitaji sababu nzito.

Ya pili ni umeme na mtandao. Kwa miaka mingi Mpanda iliishi nje ya gridi ya taifa, ikitegemea majenereta ya dizeli, na vijijini wengi bado wanatumia sola. Bando nalo linaisha, na mawimbi ya simu hayafiki kila mahali kuelekea Mwese au kando ya ziwa. Programu inayotaka kuingia mtandaoni kabla haijafunguka inaweza kumwacha katibu wa kikundi mikono mitupu siku ya mkutano, wanachama wamekaa chini ya mwembe wakimngoja. Toleo la zamani linalofunguka bila mtandao linamfaa zaidi.

Ya tatu ni mazoea. Mama mhazini ambaye kwa miaka 12 ameandika zaka na michango kwenye jedwali lile lile anajua kila safu ilipo. Jicho lake linaona kosa kabla hajalitafuta. Ukimletea sura mpya, jicho hilo linakuwa kipofu kwa muda, na muda huo ndio makosa huingia.

Ya nne ni uhuru. Microsoft waliwahi kuwa na programu ya hesabu za nyumbani iliyoitwa Money. Mwaka 2009 waliacha kuiuza. Mwaka uliofuata walitoa toleo la mwisho, la bure, lisilohitaji kuidhinishwa mtandaoni, ili waliokuwa nayo waendelee kuona kumbukumbu zao. Lilipoteza huduma za mtandaoni, kama kuvuta taarifa kutoka benki, lakini uandishi wa hesabu uliendelea, na wapo waliobaki nalo kwa miaka mingi baada ya hapo. Waliona kwamba kampuni inaweza kufunga duka, lakini hesabu za nyumba zinaendelea maadamu nyumba ipo.

Wahenga walitupa methali mbili zinazofaa hapa. Moja husema kipya kinyemi ingawa kidonda, nyingine husema usiache mbachao kwa msala upitao. Zote mbili zinatuonya tusikimbilie jambo kwa sababu tu ni jipya.

3. Mtakatifu Thoma anatufundisha nini

Katika Summa Theologiae, sehemu ya kwanza ya pili, swali la 97, kipengele cha 2, Mtakatifu Thoma anauliza kama sheria ya kibinadamu inapaswa kubadilishwa kila mara linapoonekana jambo lililo bora zaidi. Jibu lake ni kwamba haipaswi. Anaeleza kwamba mabadiliko yenyewe, hata yanapoleta kitu kizuri, yana hasara yake, kwa sababu watu hushika sheria kwa msaada mkubwa wa desturi, na ukibadilisha unapunguza nguvu ya desturi. Basi sheria ibadilishwe pale tu ambapo faida inafidia hasara hiyo. Anataja mambo yanayoweza kuifidia: kwanza, faida kubwa na iliyo wazi; pili, ulazima mkubwa, kwa kuwa sheria iliyopo ina udhalimu ulio dhahiri au kuishika kunaleta madhara makubwa.

Msomaji makini atanipinga hapa, na atakuwa na haki. Katika kipengele hicho hicho, akijibu pingamizi la kwanza, Thoma anatofautisha sheria na ufundi. Akimfuata Aristotle, anasema kanuni za ufundi hupata nguvu kutoka kwenye akili peke yake. Kwa hiyo fundi akiona njia bora zaidi aiache ya zamani mara moja. Mganga akigundua dawa bora hangoji desturi. Je, programu ya hesabu si chombo cha ufundi? Kama ni hivyo, Thoma mwenyewe angetuambia tubadilishe.

Pingamizi hili ni zuri kwa sababu linatulazimisha kuona kwamba kwenye hesabu za kikundi kuna vitu viwili. Kuna mashine inayojumlisha na kutoa. Hiyo ni ufundi, na kwayo kilicho bora kichukuliwe. Lakini kuna pia utaratibu wa watu: nani anaandika, nani anakagua, siku gani hesabu inasomwa mbele ya wote, nani anashika ufunguo wa sanduku. Utaratibu huo unafanana na sheria. Nguvu yake inatoka kwenye desturi, kwa kuwa kila mwanachama ameuzoea na anaweza kuufuatilia. Fundi akibadilisha programu hudhani anagusa mashine peke yake, kumbe amegusa na utaratibu. Bibi aliyezoea kusikia jina lake na hisa zake zikisomwa kutoka kwenye karatasi iliyochapwa sasa anaambiwa aangalie kwenye simu asiyokuwa nayo. Mashine imekuwa bora, lakini yeye hawezi tena kukagua fedha yake mwenyewe.

Kwa hiyo kipimo cha Thoma kinatufaa tukikitumia kwa uangalifu. Usiulize tu kama toleo jipya ni bora. Uliza kama ubora wake ni mkubwa na wa wazi kiasi cha kulipia usumbufu utakaowapata watu, au kama kubaki na la zamani kumeanza kuleta madhara. Jibu likiwa hapana kwa yote mawili, una haki ya kubaki, tena bila aibu.

4. Hatari za kubaki

Hata hivyo swali la madhara si la kulipita haraka. Fadhila ya busara, kama Thoma anavyoeleza katika sehemu ya pili ya pili, swali la 49, ina viungo vyake. Kimoja ni kumbukumbu ya yaliyopita. Vingine ni kuona mbele na tahadhari. Anayebaki na toleo la zamani kwa kumbukumbu peke yake, bila kuona mbele wala kuchukua tahadhari, hana busara kamili. Hatari zenyewe ni tatu.

Hatari ya kwanza ni mlango usiofungwa. Machi 2017 Microsoft walitoa kiraka cha kuziba ufa katika Windows. Mei 12 mwaka ule kirusi kilichoitwa WannaCry kilipita katika ufa huo huo kwenye kompyuta ambazo hazikuwa zimewekewa kiraka. Kilifunga mafaili na kudai fidia, katika nchi zaidi ya 150, na hospitali za Uingereza zilikuwa miongoni mwa zilizoumia. Ufa ulikuwa kwenye mfumo wa kompyuta wala si kwenye programu ya hesabu, lakini hesabu zilizomo ndani zingefungwa pamoja na vyote. Windows 7 iliachwa kuhudumiwa Januari 2020, na Windows 10 Oktoba 14, 2025. Kompyuta nyingi za mtumba mikononi mwetu ziko katika kundi hilo, na nyingi hazina vifaa ambavyo Windows 11 inadai.

Hatari ya pili ni chombo kujaa bila wewe kujua. Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, Uingereza iliacha karibu majibu 16,000 ya watu waliokutwa na ugonjwa nje ya taarifa zake za kila siku. Sababu ilikuwa muundo wa zamani wa mafaili ya Excel, ambao hauwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536, wakati muundo ulioanza na toleo la 2007 unabeba zaidi ya mistari milioni moja. Mistari iliyozidi haikuingia. Kikundi chetu hakitafikia mistari hiyo, lakini fundisho ni lile lile: chombo cha zamani kina mpaka, na anayekitumia anapaswa kuujua.

Hatari ya tatu ndiyo iliyo karibu nasi zaidi, nayo ni kifo cha mashine. Programu ya zamani huwa imefungwa kwenye kompyuta moja. Sidii ya kuisakinisha ilipotea, fundi aliyeiweka amehamia Tabora, na neno la siri analijua mtu mmoja. Siku kompyuta inapoungua kwa umeme wa kupanda na kushuka, hesabu za miaka 10 zinakwenda nayo.

Tuone uzito wake kwa mfano wa kikundi cha watu 25 wanaokutana kila wiki, hisa moja ikiwa shilingi 2,000. Kwa wiki 52 kuna maandishi 1,300 ya kununua hisa, bado mikopo na marejesho. Mwanachama mwenye uwezo ananunua hisa tano kila wiki. Mwisho wa mwaka ana 520,000. Mjane ananunua moja, ana 104,000. Faili likipotea mwezi wa Novemba, mwenye uwezo atabishana na kusikilizwa, kwa kuwa ana sauti, ana simu yenye ujumbe wa miamala, pengine ana daftari lake. Mjane hana ushahidi ila maneno yake. Hesabu inapopotea, anayeumia kwanza ni mnyonge. Ndiyo maana nasema hili ni jambo la haki. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

5. Daftari na mlango

Hapa napendekeza tofauti moja ambayo itarahisisha uamuzi. Programu za fedha ni za aina mbili. Zipo zinazoandika fedha iliyokwisha kupita. Hizo ni daftari. Zipo zinazopitisha fedha yenyewe, kama programu ya benki kwenye simu au ya M-Pesa. Hizo ni mlango.

Daftari linaweza kuwa la zamani. Likikaa kwenye kompyuta isiyounganishwa na mtandao, likanakiliwa mara kwa mara, umri wake si tatizo kubwa. Mwizi hawezi kuchukua shilingi kutoka kwenye jedwali la Excel, kwa kuwa hakuna shilingi humo.

Mlango hauwezi kuwa wa zamani. Programu ya simu inayogusa akaunti yako isasishwe kila inapotakiwa, na uipakue kutoka duka rasmi la programu, usiipokee kwa kutumiwa WhatsApp. Ukiona simu yako imezeeka kiasi kwamba haipokei toleo jipya, rudi kwenye menyu ya kawaida ya kubonyeza nyota na namba, kama *150*00# ya M-Pesa, ambayo hufanya kazi hata kwenye kitochi. Wengi huko kwetu hawajawahi kuiacha, na hawajakosea. Menyu hiyo haihitaji wewe usasishe chochote. Matunzo yake yako kwa kampuni. Wajibu wako unabaki kuilinda namba ya siri.

Makosa mengi hutokea tunapochanganya vitu hivi viwili. Mtu anaogopa kubadilisha daftari, akaacha na mlango bila kufuli jipya. Au kwa hamu ya mlango mpya anatupa daftari lililokuwa linamfaa.

6. Masharti ya anayebaki

Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa 1983, kanuni ya 1284, unawataka wasimamizi wa mali za Kanisa watunze vema vitabu vya mapato na matumizi, watoe taarifa kila mwisho wa mwaka, na wahifadhi hati katika hifadhi salama. Kanuni hiyo haitaji kompyuta. Haijali umri wa chombo. Inajali kama hesabu ipo, inasomeka na inaweza kutolewa. Mfano wa wakili katika Injili ya Luka sura ya 16 una mkazo huo huo: siku ilifika akaitwa atoe hesabu. Kwa mwanga huo, anayebaki na toleo la zamani, nyumbani au parokiani, atimize haya:

Kwanza, itoe kompyuta hiyo mtandaoni. Kama ni ya hesabu iwe ya hesabu, isiwe pia ya kupakulia filamu. Flashi inayoingia ipimwe virusi kwanza, na isiwe inazunguka kila steshenari ya mjini.

Pili, nakili kila wiki kwenye flashi mbili, moja ikae ofisini, nyingine ikae nyumba nyingine. Moto au mwizi akipita mahali pamoja, nakala moja ibaki.

Tatu, chapa kila mwezi. Karatasi yenye tarehe, salio, na sahihi za mhazini na mkaguzi haina toleo. Wamisionari wa Afrika, ambao tuliwaita Mapadre Weupe, walipopokea kituo cha Karema kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1885, walikuja na agizo la Kardinali Lavigerie kwamba kila misheni iandike shajara yake. Shajara za misheni zao zimehifadhiwa Roma, na anayeweza kusoma mwandiko anaweza kuzisoma leo bila kuuliza ziliandikwa kwa kalamu ya toleo gani.

Nne, hifadhi pia katika muundo ambao programu nyingine inaweza kuufungua. Karibu kila programu ya hesabu inaweza kutoa taarifa zake kama maandishi ya kawaida yaliyotenganishwa kwa mkato, yaani faili la CSV. LibreOffice, ambayo ni ya bure, hufungua mafaili ya Excel ya zamani na ya sasa. Jaribu mwaka huu, kabla ya shida.

Tano, neno la siri lijulikane na watu wawili wanaoaminika, au liandikwe na kufungwa ndani ya bahasha kwa Baba Paroko au kwa mwenyekiti. Hesabu inayoweza kufunguliwa na mtu mmoja tu imekuwa mali ya mtu mmoja.

Asiyeweza kutimiza masharti haya ajue kwamba kubaki kwake kumeshaanza kuwa hatari, na kipimo cha Thoma kinamtaka abadilike.

7. Masharti ya anayehama

Ikiwa mmeamua kuhama, msihame katikati ya mwaka. Ngojeni mfunge hesabu, salio likubaliwe na wote, ndipo mwanzo wa mwaka muanze upya. Kwa miezi miwili au mitatu andikeni pote pawili, zamani na kupya, mkilinganisha salio kila mwisho wa mwezi. Yakilingana mara tatu mfululizo, wekeni la zamani kwenye hifadhi, msilifute. Uamuzi wa kuhama uandikwe kwenye muhtasari wa kikao, na parokiani upitie Baraza la Fedha, ambalo kanuni ya 537 inataka liwepo kila parokia. Asiwe frateri wa likizo anayeamua peke yake halafu anarudi seminarini akiwaacha na vitufe wasivyovijua.

Lipo jambo moja zaidi ambalo lazima tulisema wazi. Mara nyingi “toleo jipya” linalowekwa na fundi wa mtaani kwa elfu kumi ni nakala iliyovunjwa leseni. Hiyo ni mali ya mtu iliyochukuliwa bila ridhaa yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu, na amri ya saba ililinda haki ya mwenye mali tangu zamani. Tena nakala hizo mara nyingi hubeba virusi ndani yake. Haiwezekani tutunze zaka za waamini kwa chombo cha kuibia. Kati ya toleo la zamani lililopatikana kwa haki na toleo jipya la wizi, la zamani ni bora mara elfu. Na asiye na fedha ya leseni ana njia ya tatu iliyo halali: LibreOffice na GnuCash ni bure, na Linux, ambayo nayo ni bure, huweza kuipa kompyuta ya zamani miaka mingine ya kazi. Papa Fransisko, katika waraka wa Laudato si’ wa mwaka 2015, alilaumu utamaduni wa kutupa vitu ovyo. Kompyuta nzima inayotupwa kwa sababu tu ujumbe umetokea kwenye kioo ni sehemu ya utamaduni huo.

8. Hitimisho

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 13 aya ya 52, Bwana anamtaja mwenye nyumba anayetoa katika hazina yake vitu vipya na vya kale. Hazina ni ile ile moja, na mwenye nyumba anaijua, anachagua cha kutoa kwa kadiri ya haja ya nyumba. Hicho ndicho kinachotakiwa kwa mhazini na kwa mzazi anayeandika matumizi ya nyumbani: awe bwana wa hazina, anayejua kilichomo, anayeweza kukitoa siku akiombwa.

Basi ndugu, ukiulizwa na kijana kwa nini bado unatumia toleo la 2007, mwonyeshe salio la mwezi uliopita lililochapwa na kusainiwa, mwonyeshe flashi mbili, kisha umfungulie hesabu za miaka 10 iliyopita. Kama unaweza kufanya hivyo, una jibu la kutosha. Kama huwezi, usingoje akucheke. Anza Jumamosi hii.

Maswali ya kujadili jumuiyani

1. Hesabu za jumuiya au kikundi chetu ziko wapi, na ni watu wangapi wanaoweza kuzifungua leo?

2. Kompyuta au simu yenye hesabu hizo ikipotea usiku huu, tutamthibitishiaje mwanachama mnyonge kuliko wote haki yake?

3. Je, programu tunazotumia tumezipata kwa haki? Kama sivyo, ni hatua gani tunaweza kuchukua mwaka huu?

4. Katika mabadiliko tuliyofanya miaka ya karibuni, nani alishindwa kufuatilia, na tulimsaidiaje?